Omeprazoli hupunguza tindikali, haikazi mlango wa tumbo

Wagonjwa wengi wa kiungulia tunaowapokea kliniki hapa Dodoma huwa wamekwisha kumeza omeprazoli kwa miezi kadhaa, wakiinunua katika duka la dawa la mtaani, na malalamiko yao hufanana: mbona nikiinama au nikilala, chakula bado kinanipanda kooni?

Kati ya umio na tumbo upo msuli wa mviringo, unaofunguka tunapomeza na kujifunga baadaye. Ukilegea, vilivyomo tumboni hurudi juu. Omeprazoli na dawa za jamii yake, kama vile esomeprazoli na pantoprazoli, haziugusi msuli huo. Kazi ya dawa hizi ni kuzima pampu zinazomwaga tindikali kutoka katika ukuta wa tumbo. Kwa hiyo mtu anaweza kuendelea kucheua, ila kinachopanda hakiunguzi kama awali, na michubuko ya umio hupata nafasi ya kupona.

Pampu hizo huamshwa na chakula, na dawa huzizima zile zilizoamka tu. Ndiyo maana humezwa nusu saa hadi saa moja kabla ya kula, kwa kawaida kabla ya chai ya asubuhi; anayeimeza usiku, akiwa amekwisha kushiba ugali wa uwele na mlenda, huipunguzia nguvu yeye mwenyewe. Nafuu kamili huja baada ya siku kadhaa. Punje zilizomo ndani ya kapsuli zisisagwe wala kutafunwa, kwa kuwa utando wake ndio unaozikinga zisiharibiwe na tindikali ileile.

Je, chakula kitasagika? Kitasagika. Pepsini, kimeng'enya kinachoanza kuvunja protini tumboni, huhitaji tindikali, lakini sehemu kubwa ya kazi hiyo hukamilishwa na vimeng'enya vya kongosho katika utumbo mwembamba. Kinachostahili kuangaliwa, kwa anayetumia dawa hizi kwa muda mrefu, ni ufyonzwaji wa vitamini B12 na madini ya chuma, na wakati mwingine kushuka kwa magnesiamu katika damu. Tindikali pia huua vijidudu vinavyoingia na chakula au maji, hivyo ikipungua, hatari ya kuhara huongezeka. Maji ya kunywa yachemshwe.

Anayeziacha ghafla baada ya miezi mingi anaweza kuungulika kwa majuma kadhaa, kwa sababu tumbo hutoa tindikali nyingi kuliko mwanzo. Wengi hudhani ugonjwa umerudi, wakaanza upya. Ni afadhali daktari apunguze dozi taratibu.

Kwa upande wa msuli wenyewe, husaidia kula chakula cha jioni muda wa saa tatu hivi kabla ya kulala, kuinua kitanda upande wa kichwani na kupunguza uzito uliozidi. Lakini anayekwamwa na chakula, anayetapika damu, anayepata choo cheusi kama lami au anayekonda bila sababu asijiongezee dozi: aende hospitali akachunguzwe umio na tumbo kwa kamera.