Zimwi la mtandaoni halijafa
Wengi hudhani hadithi za kutisha zinazotungwa kwa pamoja mtandaoni zilikufa 2014, wasichana wawili wa Wisconsin, Marekani, walipomchoma visu mwenzao kwa ajili ya Slender Man, zimwi lililobuniwa 2009. Sivyo, zilihama tu. Mwaka 2019 picha moja ya vyumba vitupu vya njano ilizaa Backrooms, hadithi ya vyumba visivyo na mwisho, na 2022 kijana Kane Parsons akaigeuza kuwa video. SCP, tovuti ambako watu hutunga kwa pamoja visa vya viumbe na vitu vya ajabu, nayo ingali hai, kwa kuwa leseni yake huria humruhusu yeyote kuendeleza kisa cha mwenzake. Mwaka 2022 hata picha ya sanamu iliyowakilisha SCP-173, mmoja wa viumbe wake, iliondolewa, maana haikuwa mali ya watunzi wa SCP. Maandishi yakabaki, na (kwa maoni yangu) yanatisha zaidi bila picha.