AC, feni ya maji au pangaboi? Kwa Dar anza na unyevu

Kaskazi ikishaanza kuvuma, Desemba hivi, simu yangu haipumziki, na karibu kila mtu anaanza na "fundi, niweke BTU ngapi?" (BTU ni kipimo cha nguvu ya AC kupoza) au "hizi feni za maji za Kariakoo zinafaa?" Mi huwa narudisha swali, chumba kikoje, nani anakaa humo, mlango unafunguliwa mara ngapi. Maana hapa kwetu shida sio joto peke yake. Nyuzi 32 za Dar na nyuzi 32 za Dodoma ni vitu viwili tofauti kabisa, ya Dar imebeba maji, jasho linatoka halikauki, na mwili wa binadamu unapoa pale jasho linapokauka. Kwa hiyo mashine yoyote unayotaka kununua iulize kwanza, unyevu wa chumbani inaupunguza au inauongeza?

Nianze na feni ya maji kwa sababu ndo watu wanapopoteza hela zaidi. Ile inavuta hewa inaipitisha kwenye pedi zilizolowa, maji yanageuka mvuke, na yakigeuka mvuke yanachukua joto la ile hewa. Ni kitu cha kweli kabisa, kinafanya kazi, ila kinataka hewa kavu. Chukua mchana wa Dar nyuzi 32 na unyevu asilimia 70, hewa ya mashine hiyo haiwezi kushuka chini ya nyuzi 27 na kidogo hata ingekuwa ya bei gani, na kiuhalisia itatoka 28 au 29 huku imejaa mvuke. Ipeleke mashine hiyo hiyo Dodoma, siku ya nyuzi 31 na unyevu asilimia 35, kikomo chake kinashuka mpaka nyuzi 20, na hapo utaipenda. Usiku wa Dar ndo mbaya zaidi kwa sababu unyevu unapanda, ukifunga madirisha unalala kwenye mvuke, na baada ya muda nguo kabatini zinaanza kunuka ukungu. Wengine wanasema si unaweka barafu kwenye tangi, sawa, lakini kilo mbili za barafu zikiyeyuka zote na maji yake yakapata joto la chumba, ubaridi wake wote hauzidi dakika sita za AC ya BTU 9,000. Dakika sita tu jamani.

AC yenyewe inafanya kazi mbili, inapoza hewa na inaikamua maji, yale yanayodondoka kwenye bomba la nje ndo unyevu uliokuwa unakunyima usingizi. Na hapa ndo kuna kosa linaloniuma kila nikilikuta, mtu ana chumba cha mita tatu kwa nne anafunga BTU 18,000 "ili kipoe haraka". Kitapoa haraka kweli, ndani ya dakika chache nyuzi zimefika, kompresa, ile pampu inayosukuma gesi ya kupozea, inazima, na kompresa ikizima kukamua maji nako kunasimama. Unabaki na chumba cha baridi lakini kinanata, shuka mbichi, unashusha rimoti mpaka 18 unaona bado hujaridhika. Kwa chumba cha kulala cha mita za mraba 12 mpaka 14 chenye dari, BTU 9,000 inatosha kabisa. Sebule au ofisi ndogo ya mita 18 mpaka 20, BTU 12,000. Ukiwa na bati bila dari, au ukuta wa kioo unaopigwa na jua la jioni, hesabu inapanda, ila kabla hujaongeza BTU weka dari kwanza na kivuli nje ya kile kioo, maana pazia la ndani linakamata jua likiwa limeshaingia.

Saluni nazo zina hesabu zake. Drai moja ya nywele inaweza kula wati 1,000 mpaka 2,000 na karibu zote zinageuka joto humo humo ndani, ukiwa na drai tatu zinawaka na watu wanane na mlango unaofunguliwa kila dakika, ile BTU 12,000 uliyoambiwa na muuzaji itazunguka kutwa nzima bila kufikia nyuzi uliyoseti. Hapo mi nashauri feni ya kutoa hewa upande wa drai, kifunga mlango cha kujirudisha chenyewe, ndo tuzungumze AC.

AC ya invata au ya kawaida? Ya kawaida inawaka kwa nguvu zote inazima, inawaka tena. Invata inapunguza mwendo wa kompresa, inaendelea polepole, na kwa Dar faida yake sio umeme tu, ile kuzunguka polepole muda mrefu ndo inakamua maji vizuri, na haivuti umeme mwingi kwa mpigo wakati wa kuwaka kwa hiyo hata kwenye jenereta inakaa vizuri. Kama unawasha usiku kucha chukua invata. Kama ni chumba cha wageni kinachowashwa mara mojamoja sioni sababu ya kuongeza hela.

Tuongelee LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. BTU 9,000 ya kawaida inakula kama wati 850 kompresa ikiwa kazini, ikizunguka masaa 8 bila kupumzika ni uniti karibu 7 (uniti moja ni wati 1,000 kwa saa nzima), na uniti ikiwa kwenye 350 hivi unazungumzia karibu shilingi 2,400 kwa usiku, ingawa kawaida inapumzika katikati. Pangaboi ya wati 75 masaa hayo hayo ni uniti 0.6, kama shilingi 210. Ndo maana nawaambia wateja wasing'oe pangaboi zao! Seti AC 26 na pangaboi mwendo mdogo, mwili unasikia kama umeseti 23 au 24. Na miezi ya kusi, Juni mpaka Agosti, dirisha mbili zinazotazamana na pangaboi zinatosha nyumba nyingi.

AC ya magurudumu yenye bomba moja siipendi, inatupa hewa nje kwa lile bomba na hewa ya joto ya nje inaingia kwa chini ya mlango kuziba pengo, ichukue tu kama mwenye nyumba kakataza kutoboa ukuta. Kaseti, ile AC inayozamishwa kwenye dari, ni ya duka au ukumbi wenye dari ya jipsamu. Mifumo ya autodoo (ile mashine ya nje) moja kulisha vyumba vingi waachie wenye maghorofa na hoteli.

Kwa walio Masaki, Mbezi Beach, Kigamboni, chumvi ya bahari inakula zile fini za autodoo, vile vibati vyembamba vya kutolea joto, ulizia yenye fini zilizopakwa dawa ya kuzuia kutu, usiielekeze baharini, na ioshwe kwa maji baridi ya bomba mara kwa mara. Kila mtu aweke gadi ya umeme inayochelewesha kuwaka dakika tatu mpaka tano umeme ukirudi.

Na siku ya kufunga simama hapo, hakikisha fundi amekuja na pampu ya vakyumu, ile ya kunyonya hewa na unyevu kwenye mabomba kabla ya kufungulia gesi. Asipuliziepulizie gesi kutoa hewa, kwa unyevu wetu huu maji yanabaki ndani ya mabomba na kompresa inakufa kabla ya wakati. Gesi kwenye AC haiishi kwa kutumika, inazunguka ile ile miaka yote, kwa hiyo anayekuambia kila mwaka lazima uongeze, mwambie atafute panapovuja kwanza.