Župan: meya wa Slovenia asiyechaguliwa na madiwani

Ukienda Slovenia, mkuu wa manispaa anaitwa župan (lisome "zhupani", hutakosea sana). Kwa Kiswahili tunamwita meya, ila tahadhari: meya tuliyemzoea Tanzania huchaguliwa na madiwani wenzake. Župan hapitii kwao. Wananchi wenyewe humchagua siku ileile wanapochagua madiwani, kila mmoja kwa karatasi yake ya kura.

Nchi yenyewe ina watu milioni 2 na kidogo, lakini imegawanywa manispaa 212. Manispaa moja inaitwa občina. Hodoš, kule mpakani na Hungaria, haifikishi hata wakazi 500, na bado ina župan wake na baraza lake. Ljubljana, mji mkuu, ina madiwani 45.

Uchaguzi ni kila baada ya miaka 4. Ule wa 2022 ulifanyika Novemba 20. Mgombea umeya asipovuka nusu ya kura, wawili wa juu hurudi ulingoni. Mwaka huo walirudi Desemba 4. Madiwani hawana duru ya pili.

Tazama Piran, mji wa pwani ya Adriatiki unaojulikana kwa mashamba yake ya chumvi. Waitaliano wa asili ya pale wana kura ya ziada: wanachagua madiwani kama wengine, kisha wanachagua wa kwao kwenye viti vilivyotengwa kwa jamii yao. Ni hapo Piran ambapo mwaka 2010, katika duru ya pili, Peter Bossman, daktari mzaliwa wa Ghana aliyekwenda kusomea udaktari enzi za Yugoslavia, alimbwaga meya aliyekuwa madarakani. Akakaa vipindi viwili, hadi 2018.

Sasa utamu wa mambo, au uchungu wake, uko hapa. Župan huandaa bajeti, lakini wanaoipitisha ni madiwani. Yeye huitisha vikao na kuviongoza, ila hana kura humo. Madiwani nao hawana kura ya kutokuwa na imani ya kumng'oa. Kila upande umetumwa na wapigakura kivyake. Kwa hiyo mtu anaweza kushinda umeya kwa kishindo, kisha akaingia ukumbini akakuta chama chake kina viti vitatu tu. Wakigomeana, bajeti inakwama na manispaa inajiendesha kwa muda kwa kufuata matumizi ya mwaka uliopita: mishahara inalipwa, lakini barabara mpya inasubiri. Ndiyo maana župan mjanja huangalia vizuri anayempa unaibu, podžupan, kwa kuwa naibu huyo lazima atoke miongoni mwa madiwani, na mara nyingi huja na kura za wenzake.

Katika manispaa ndogo, župan anaweza kuamua kuifanya kazi hiyo pembeni ya ajira yake. Akifanya hivyo, analipwa nusu mshahara.