Kabla hujaniambia spika imekufa

Jana ilikuwa mara ya nne wiki hii. Kijana anaweka hedifoni mezani kwangu, salamu yenyewe nusu, anasema: "Fundi, spika ya kushoto imekufa. Inanguruma. Nibadilishie." Nani kakwambia imekufa? Fundi mwingine. Nikamwambia avae, awashe ANC, yaani ile saketi ya kufuta kelele za nje, asipige wimbo wowote. Inanguruma? Inanguruma. Haya, zima ANC. Kimya. Maiti gani huyo anayenguruma ukimwamsha na kunyamaza ukimlaza?

Spika iliyokufa haingurumi. Koili imekatika, multimita haisomi kitu, husikii chochote, basi. Iliyochanika, au ambayo koili yake imeanza kugusa sumaku, hukwaruza, tena hukwaruza muziki unapopiga, hasa besi inaposhuka. Kama kelele ipo na muziki haupo, spika ni mjumbe tu, na mjumbe hauawi. Lakini nimeshaona spika nzima kabisa zikitupwa kwenye ndoo ya taka, zinawekwa nyingine zisizolingana na za mwanzo, na mteja anarudishiwa hedifoni inayonguruma vilevile, ila sasa kulia na kushoto havifanani.

Tatizo linaanzia kwenye neno lenyewe. Kila kitu kwa mteja "kinanguruma". Mimi nataka uniambie inalia vipi. Inavuma kama transfoma? Inachemka kama mafuta kikaangoni? Inapiga mluzi? Inasema tititi-tititi? Inakwaruza? Ukinijibu hapo umeshanifanyia nusu ya kazi, na mimi sitajali ukiiga sauti kwa mdomo mbele ya watu. Wazee wa heshima wameniigia hapa.

Ile ya "shiii" nyembamba inayotokea ukiwasha ANC sehemu tulivu, iache. Maiki zote zina mchemko wao wa ndani, na hedifoni hizi zina maiki kadhaa. Ukiwa kwenye daladala huisikii. Usiku chumbani unaisikia. Si ugonjwa, isipokuwa kama upande mmoja umezidi mwingine waziwazi.

Tititi-tititi ni simu yako. Mtandao ukishuka hadi 2G, simu inarusha mawimbi kwa mapigo ya mara 217 kwa sekunde, na waya au saketi yoyote isiyokingwa vizuri inayadaka. Ondoa simu kifuani, iweke mbali kidogo. Imekwisha hiyo.

Mvumo mnene usiobadilika, ambao unakuja ukichomeka waya kwenye laptopu, huo ni umeme wa ukutani. Umeme wetu ni wa herzi 50, yaani mapigo 50 kwa sekunde, kwa hiyo unasikia 50 na ndugu zake, 100 na 150. Na hapa nataka kusema jambo kuhusu soketi zetu. Tuna soketi za matundu matatu, tundu la juu ni la ethi. Mtu ana chaja ya laptopu yenye meno mawili, haiingii, basi anachukua kalamu, anaichomeka kwenye tundu la ethi ili vifuniko vifunguke, anasukuma chaja, anaondoka zake. Laptopu inachaji bila ethi. Ukipitisha mkono juu ya bodi ya chuma unahisi inakutekenya. Mtekenyo huo huo ndio unaopita kwenye waya wa hedifoni kwenda sikioni. Chomoa chaja, laptopu itumie betri, usikilize. Mvumo ukipotea, kwangu huna kazi. Na usishangae kwamba ANC haikuuzima: mvumo umeingia kwa mlango wa muziki, na kwa saketi huo ni sehemu ya wimbo.

Sasa nywele. Kuna dada anafanya kazi ya kupokea simu za wateja, anavaa hedifoni saa nane kwa siku, na amesuka rasta. Alikuja na hukumu ya spika imekufa. Nikampigia sauti tupu ya herzi 80, sikio la kulia likawa linasema zzzrrr kama nzi kwenye chupa. Nikatoa sponji, nikamulika tochi: unywele mmoja, wa bandia, umepenya kwenye wavu na umesimama wima juu ya ngozi ya spika, ncha inaigusa. Kila besi inapopiga, ngozi inapiga unywele. Nikauvuta kwa kibano. Kazi ya dakika tatu. Akaniuliza spika mpya iko wapi.

Nimekimbia hayo yote ili nifike kwenye sponji, kwa sababu sponji ndizo zinanitoa jasho.

Watu wanadhani sponji ni mto wa sikio. Zikichanika unanunua nyingine za bei ya chee, ukubwa "unaingiana", unabandika, maisha yanaendelea. Kwa hedifoni ya kawaida sawa. Kwa hedifoni ya ANC, sponji ni kipuri cha saketi kama vile kapasita ilivyo kipuri. Nasema hivi kila siku na kila siku naangaliwa kama mchawi.

Iko hivi. Nje ya kikombe, kile kinachofunika sikio, kuna maiki inayosikiliza kelele kabla haijakufikia. Ndani, karibu na spika, mara nyingi kuna nyingine inayosikiliza kilichofika sikioni. Saketi inatengeneza wimbi lililo kinyume cha hiyo kelele: kelele ikisukuma hewa, spika inaivuta. Yakikutana yanafutana. Lakini hesabu hiyo imepigwa kiwandani kwa hewa ya kiasi fulani kati ya spika na sikio, kikombe kikiwa kimezibwa vizuri. Ukiweka sponji nyembamba, au yenye tundu dogo, au ya ngozi yenye vitobo, hewa si ile tena. Wimbi la kinyume linafika likiwa kubwa mno au dogo mno, au limechelewa, na badala ya kufuta linaongeza.

Baya zaidi ni mvujo. Sauti ya spika inapenya pembeni ya sponji, inatoka nje, maiki ya nje inaidaka na kuiona ni kelele, inaipeleka kwenye saketi, saketi inaijibu kwa spika, jibu nalo linavuja. Mzunguko. Ushawahi kuwa kwenye sherehe, MC akapita na maiki mbele ya spika, ukumbi wote ukaziba masikio? Ndicho hicho, ila kiko ndani ya kikombe kimoja. Mara ni mluzi, mara ni mvumo unaopanda na kushuka unapotafuna au kupiga mwayo, kwa sababu taya likicheza sponji inapumua. Ukifunika kikombe kwa kiganja ukasikia kinapiga kelele, hapo umeirudishia maiki ya nje sauti yake kwa mkono wako mwenyewe.

Jaribio langu ni rahisi: vaa, washa ANC, kandamiza kikombe kichwani taratibu kwa vidole viwili bila kuziba matundu ya maiki. Sauti ikibadilika, tunazungumza habari za sponji, si za spika. Angalia pia kama kitambaa cha ndani kimesukumwa kikaziba maiki, au kama kimejaa mafuta ya nywele. Mafuta ya nywele yameua hedifoni nyingi kuliko mvua.

Kuna na wale ambao kelele wanayoisikia ni ya kweli, iko chumbani. ANC ni hodari kwa sauti nzito na za kudumu: injini ya ndege, friji, jenereta. Amar Bose, mwanzilishi wa kampuni ya Bose, alipata wazo lake la ANC ndani ya ndege mwaka 1978, si kwenye kibanda cha chipsi. Wimbi la herzi 100 lina urefu wa karibu mita tatu na nusu, saketi ina nafasi ya kulifuata. La herzi 5,000 lina sentimita saba hivi, na ukikosea kidogo tu umeharibu. Kwa hiyo ANC inakuondolea mngurumo wa jenereta ya jirani na kukuachia kelele ya bati lake linalotetemeka. Imetoa ngoma, sasa unasikia kayamba. Kayamba ilikuwepo siku zote.

Na kama umevua hedifoni, chumba kimya, mlio bado uko sikioni, huo sio wa kwangu. Nenda kwa daktari wa masikio.

Si kwamba kiwandani hawakosei. Oktoba 2020 Apple walitangaza kwamba baadhi ya AirPods Pro, hedifoni zao ndogo za kutia sikioni, zilizotengenezwa kabla ya mwezi huo zilikuwa zinakwaruza, zaidi kwenye kelele, mazoezini au mtu akiongea na simu, wakawa wanazibadilisha bure. Kwa hiyo kabla hujaniletea kitu kipya nikifungue, soma warantii. Nikishakifungua hawatakitaka.

Na mimi nina yangu. Nina miaka 47, milio ya juu kabisa siisikii tena. Mteja akisema inapiga kimluzi na mimi nasikia kimya, namwita kijana wangu wa miaka 19 na ninaamini sikio lake kuliko langu. Kuna hedifoni nilizofungua, sikuona kitu, nikafunga, kelele ikaisha. Nahisi ni ule utepe wa waya ulikaa sawa nilipoubonyeza, lakini nilichukua hela ya mtu kwa kazi nisiyoweza kuieleza. Na kuhusu kusasisha programu ya hedifoni, nimeona ikiponya na nimeona ikileta ugonjwa, kwa hiyo siku hizi nikishauri nashauri nikiwa nimeangalia pembeni.

Turudi kwa kijana wa jana. Sponji zake ni za orijino, hazijachanika, maiki safi. Nikazivaa mimi: kimya. Nikampa msaidizi wangu: kimya. Akivaa yeye, zinanguruma, sikio la kushoto tu. Nikazunguka mara mbili kwenye kiti changu, mpaka nilipomwona anavua miwani ili avae hedifoni, halafu anairudisha, mikono yake ikipenya chini ya sponji. Mkono wa kushoto wa miwani umefungwa kwa gundi na uzi, nundu kama punje ya mahindi, inainua sponji pale nyuma ya sikio.

Nikamwambia sina spika ya kumuuzia. Ameniuliza kama natengeneza miwani.