Elimu kwa umma: Kufunga na kurekebisha vifaa vya kielektroniki kwenye mashua ya tanga

Mashua nyingi za tanga zinazotia nanga Msasani na Kunduchi sasa zina skrini ya ramani, kipima kina, kipima upepo na AIS (kifaa kinachotangaza kwa redio jina, mahali na mwendo wa chombo kwa vyombo vingine). Ni hatua njema. Lakini malalamiko ni yale yale: kina kinarukaruka, usukani wa kujiendesha unayumba, meli hazituoni. Mara nyingi kifaa ni kizima. Kimefungwa vibaya, au kimefungwa vizuri kisha hakikurekebishwa.

Tuanze na namba ya MMSI, yaani namba ya utambulisho wa chombo kwenye redio na AIS, maana hapo ndipo sheria inapobana. Ina tarakimu 9, na kwa chombo cha Tanzania huanza na 674 au 677. Inatolewa na TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Haitungwi na fundi wala haiazimwi kwa jirani. Ukinunua mashua Afrika Kusini na kuisajili hapa, namba yake ya zamani inayoanza na 601 lazima ibadilishwe. Redio na AIS nyingi humruhusu mwenye chombo kuingiza namba mara moja au mbili tu, kisha hujifunga mpaka zirudishwe kwa muuzaji. Kwa hiyo leseni kwanza, namba baadaye. Jina la chombo na alama ya wito viandikwe herufi kwa herufi kama vilivyo kwenye hati, na mashua ikiuzwa taarifa zibadilishwe. Kutumia redio bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, na mkosaji anaweza kutozwa faini, kufungwa, au vyote viwili. Kusema "naenda Mbudya tu" si utetezi. Vyombo viwili vikitumia namba moja, waokoaji wanaweza kumtafuta aliye salama huku mwingine anazama.

Sasa nyaya. Mtandao wa NMEA 2000, unaounganisha vifaa vya mashua vipeane data, una uti wa mgongo mmoja, yaani waya mkuu, na kila kifaa huungwa kwa tawi lisilozidi mita 6. Kila mwisho wa uti uwe na tamineta (kipingamizi cha kufunga mwisho wa waya) ya ohmu 120: mbili tu, si moja, si tatu. Zima umeme, pima kwa multimita kati ya waya mweupe na wa bluu. Ukisoma karibu 60, ni sawa. Ukisoma 120, tamineta moja imekosekana au uti umekatika. Ukisoma 40, kuna ya ziada. Umeme uingie sehemu moja kupitia fyuzi yake, kutoka betri ya matumizi, si ile ya kuwashia injini. Injini inapowashwa volti hushuka, na zikishuka chini ya 9 skrini hujizima na kuwaka upya.

Vifaa vya zamani vya NMEA 0183 vina kanuni nyingine. Mtoaji ni mmoja, wapokeaji wanaweza kuwa wengi. Waya wa kutoa wa kifaa kimoja huingia wa kupokea wa kingine. Kasi ya kawaida ya data ni biti 4800 kwa sekunde, ila AIS hutumia 38400. Kasi zisipolingana, hakuna data inayosomeka, hata nyaya ziwe sahihi.

Tunasisitiza: kusokota nyaya na kuzungushia tepu, kama kwenye redio ya gari, hakufai baharini. Chumvi huingia, shaba huota kutu ya kijani, na hitilafu huja na kuondoka bila mpango. Tumia waya uliopakwa bati, ubane kwa koleo maalumu, ufunike kwa mpira unaosinyaa kwa moto.

Katika kurekebisha, anza na dira na kasi, kwa sababu upepo halisi hukokotolewa kutokana nazo. Dira ya kielektroniki ikae angalau mita 1 kutoka kwenye spika, injini, mnyororo wa nanga na mtungi wa gesi. Chagua asubuhi tulivu, mahali pa wazi, kamwe si kwenye mlango wa bandari wanakopita meli na vivuko vya Kigamboni. Zunguka polepole, duara moja lisipungue dakika 2, mpaka kifaa kikubali. Kikikataa, usirudie mara kumi, hamisha dira. Na usiilinganishe na mwelekeo wa GPS: GPS inaonyesha mashua inakosogea, si omo (mbele ya mashua) inakoelekea, na mkondo huzitenganisha hizo mbili.

Kasi ipimwe kwenda na kurudi kwenye njia ileile. Mfano: kipima kasi kinasoma noti 5.0 pande zote mbili, GPS inasoma 6.2 kwenda na 4.6 kurudi. Wastani wa GPS ni 5.4, kizidishio ni 1.08. Anayepima upande mmoja anauingiza mkondo ndani ya kifaa. Gurudumu la kipima kasi lililo chini ya mashua lisafishwe kwanza, kwani chaza na mwani hulikwamisha.

Kina kinahitaji uamuzi: chini ya mkuku (uti wa chini kabisa wa mashua) au kutoka usawa wa maji? Kihisi kikiwa mita 0.5 chini ya maji na mkuku ukifika mita 1.8, weka −1.3 kwa chaguo la kwanza, +0.5 kwa la pili. Bandika maandishi kando ya skrini, kisha hakiki kwa bildi (kamba yenye uzito ya kupimia kina). Wakati wa bamvua maji ya hapa hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, hivyo kuchanganya chaguo hizo mbili, yaani kosa la mita 1.8, kunatosha kukupandisha kwenye mwamba wa Fungu Yasini.

Upepo: enda joshi (kukaribia upepo kadiri tanga linavyoruhusu) pande zote mbili. Ukisoma digrii 32 kulia na 38 kushoto, sahihisha digrii 3.

Ramani za karatasi za zamani zilizochorwa kwa mfumo wa kuratibu mahali uitwao Arc 1960 hutofautiana na mfumo wa WGS 84 unaotumiwa na GPS kwa takriban mita 300. Soma maelezo ya ramani kabla ya kuhamisha alama.

AIS ihakikiwe kwa kuuliza chombo kingine chenye AIS, si kwa programu ya simu, ambayo hutegemea vituo vya nchi kavu na intaneti. Redio ya VHF iungwe na GPS, la sivyo kitufe chekundu cha dharura kitatuma wito usio na mahali. Kitufe hicho si cha majaribio. Kikibonyezwa kwa bahati mbaya, usizime redio na kunyamaza: tangaza chaneli 16 jina la chombo, MMSI, mahali ulipo, na kwamba wito umefutwa.