Hesabu Zimetimia, Barua Bado: Dhana Potofu Kuhusu Kustaafu kwa Hiari

Mtumishi wa umma Tanzania anaweza kustaafu kwa hiari akifikisha miaka 55. Akifikisha 60 anastaafu kwa lazima. Katikati hapo wapo watu wa miaka 57 au 58 ambao nyumba imekwisha, mkopo umelipwa, mtoto wa mwisho anamaliza chuo, na bado kila Januari wanasema "ngoja nimalizie na huu". Wengi wanashikiliwa na maneno ya ofisini ambayo hawajawahi kuyapigia hesabu.

Dhana: mwaka mmoja zaidi utanenepesha pensheni.

Kaa na kikokotoo. Kanuni inachukua wastani wa mshahara wa mwaka katika miaka 3 iliyo bora ndani ya 10 ya mwisho, inazidisha kwa idadi ya miezi uliyochangia, kisha inagawanya kwa 580. Tuseme mshahara ni shilingi 2,000,000 kwa mwezi na umechangia miezi 360. Pensheni kamili ya mwaka ni 24,000,000 × 360 ÷ 580, yaani kama 14,897,000. Mkupuo, au kiinua mgongo, ni sehemu ya pensheni unayolipwa mara moja. Ukiwa kwenye kundi la mkupuo wa asilimia 40 (wengine ni 35), asilimia 40 ya hiyo pensheni ya mwaka inazidishwa kwa 12.5: mkupuo ni kama 74,480,000. Asilimia 60 iliyobaki inagawanywa kwa miezi 12, na kila mwezi unapokea kama 744,800.

Sasa ongeza mwaka mmoja, miezi iwe 372. Mkupuo unapanda kwa kama 2,480,000. Pensheni ya mwezi inapanda kwa kama 24,800, basi. Ni kweli mwaka huo utakula mshahara badala ya pensheni, na tofauti hiyo si ndogo. Jiulize tu kama una kazi nayo. Na anayesubiri kupanda daraja ajue kwamba nyongeza ya asilimia 10 ikikaa mwaka mmoja tu inasogeza wastani wa miaka 3 kwa kama asilimia 3.3.

Dhana: pensheni haitoshi kwa kuwa ni ndogo kuliko mshahara.

Ilinganishe na matumizi. Kwenye mshahara kuna mchango wa mfuko asilimia 5, bima ya afya asilimia 3, kodi na makato ya chama, kisha nauli, chakula cha mchana na michango ya kazini. Pesa hiyo hukuwa unaila nyumbani.

Jaribio zuri ni hili: kwa miezi 6, siku mshahara unapoingia, hamishia akaunti nyingine kila kinachozidi pensheni utakayopata. Ishi na kinachobaki. Ukikwama mwezi wa tatu, andika kilichokukwamisha. Mara nyingi ni kitu kimoja kinachojulikana, kama ada au matibabu ya mzazi, na kitu kinachojulikana kinapangiwa.

Hofu ya bei kupanda ni ya haki, kwa sababu pensheni haifuati bei za sokoni. Hapo ndipo mkupuo unapofanya kazi. Hatifungani za serikali, yaani pesa unayoikopesha serikali kwa riba, zinanunuliwa Benki Kuu kuanzia shilingi 1,000,000, na riba hulipwa kila miezi 6. Milioni 50 kwa riba ya asilimia 12, kwa mfano, zinaleta milioni 3 kila nusu mwaka. Usifunge zote: bakiza matumizi ya mwaka mzima mahali unapoweza kuyatoa siku hiyo hiyo.

Dhana: mstaafu lazima aanzishe biashara kubwa.

Hii ndiyo inayoumiza zaidi. Chukua kuku wa mayai. Wanaanza kutaga wakiwa na wiki 18 hadi 20, kwa hiyo ni zaidi ya miezi 4 ya kununua chakula bila trei hata moja ya kuuza. Watu wanamaliza pesa kwenye banda zuri la matofali, wiki ya 14 chakula kinakatika, kuku wanadumaa na utagaji unachelewa. Kama unapenda mifugo, anza na kuku 50 ukiwa bado kazini, kwa pesa ya mshahara. Kama hupendi, mstaafu asiye na biashara hajapungukiwa chochote.

Dhana: ukikaa nyumbani utakufa mapema.

Wagonjwa ndio wanaolazimika kuacha kazi mapema, hivyo vifo vyao vinahesabiwa kama vya "kustaafu". Pima presha na sukari kabla ya kuondoka, na uwe na shughuli yenye saa yake: shamba, msikiti, kwaya, kamati ya mtaa.

Dhana: barua ya kustaafu naandika siku nikichoka.

Taarifa inatolewa miezi 6 kabla. Kabla ya hapo fungua faili lako: barua ya ajira, kuthibitishwa kazini, kila barua ya kupandishwa cheo, na taarifa ya michango, mwezi kwa mwezi. Angalia miezi iliyoruka, hasa ile uliyohamishwa kituo. Linganisha jina herufi kwa herufi. "Mohamed" kwenye barua ya ajira na "Muhammad" kwenye kitambulisho cha NIDA kunachelewesha mafao, na hati ya kiapo ni rahisi kuitafuta ukiwa bado na mshahara kuliko ukiwa umekaa bila mshahara wala pensheni.