Throto bodi: mambo tunayoambiana kabla ya kuisafisha

Gari likitikisika kwenye foleni, au likizima kila unapoachia mafuta ili kusimama, utaambiwa mara moja: "Safisha throto," yaani lango la kuingizia hewa kwenye injini, lenye kipepeo, kile kibati cha duara kinachofunguka unapokanyaga mafuta. Ushauri huo mara nyingi ni sahihi, na kazi yenyewe unaweza kuifanya nyumbani. Shida ni maneno yanayoambatana nao. Nimeona gari likiingia kwenye usafi na kasoro ndogo, likatoka na kubwa.

"Uchafu ule unaletwa na petroli mbaya."

Petroli haipiti hapo. Ilikuwa ikipita kwenye kabureta, lakini kwenye injini nyingi za leo nozeli huinyunyiza mbele zaidi, karibu na valvu au ndani ya silinda kabisa. Kwenye throto inapita hewa. Ule ukoko mweusi ni mvuke wa oili unaopanda kutoka chini ya injini kupitia mpira wa kupumulia, ukanasa vumbi laini lililopenya chujio na masizi ya moshi. Ndiyo maana dawa ya kumimina kwenye tangi haiwezi kuisafisha throto, hata ukimimina kopo zima.

"Ukishasafisha, gari linapata nguvu."

Unapokanyaga mafuta hadi mwisho, kipepeo kinafunguka chote, na utando wa uchafu pembeni hauzuii kitu cha maana. Uchafu unauma pale injini inapounguruma taratibu bila kukanyagwa, kwa sababu wakati huo kipepeo kimekaribia kufunga na hewa inapita kwenye upenyo mwembamba sana. Upenyo huo ukizibwa kidogo tu, gari linakosa sailensi, yaani haliungurumi kwa utulivu likiwa limesimama. Kama gari lako ni zito kupanda mlima, tafuta kwingine.

"Dawa yoyote inayokata grisi inatosha."

Hapa ndipo throto nyingi zinapofia. Baadhi hupakwa utando mweusi kiwandani kuzunguka ukingo wa kipepeo ili kizibe vizuri. Mtu akiuona anadhani ni uchafu, anausugua kwa msasa au dawa kali ya kabureta mpaka chuma king'ae. Tangu siku hiyo hewa inavuja pembeni na sailensi haitulii tena. Nunua dawa iliyoandikwa kwamba ni ya throto na haidhuru sensa wala utando. Ipulizie kwenye kitambaa laini, kisha ufute. Ukiipuliza ovyo ndani, hasa kwenye throto ya umeme, ile inayofunguliwa na mota badala ya kebo, maji yake hufuata mhimili wa kipepeo hadi kwenye mota. Na sensa ya kupimia hewa, iliyo kwenye bomba la hewa karibu na chujio, usiiguse kwa dawa hii. Ina dawa yake.

"Kipepeo kisukume tu kwa bisibisi."

Kwenye throto ya kebo, kukifungua kwa kuvuta kebo hakuna ubaya. Kwenye throto ya umeme, nyuma yake kuna mota na gia, mara nyingi za plastiki, na vitabu vya baadhi ya magari vinakataza kabisa kukisukuma kwa mkono. Soma cha gari lako kwanza. Swichi ikiwa imewashwa, mota inaweza kukifunga ghafla kidole chako kikiwa ndani. Zima swichi, toa ufunguo, chomoa soketi ya throto, na usitumie nguvu.

"Gari likiunguruma juu baada ya usafi, umeliharibu."

Dhana hii inawapotezea watu pesa nyingi, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Kwenye throto ya umeme, uchafu ulipokuwa ukijijenga, kompyuta ya gari iliona hewa inapungua, ikawa inakifungua kipepeo zaidi kidogo kidogo ili injini isizime. Ikakariri kiwango hicho. Umeondoa uchafu, lakini yenyewe bado inafungua kwa kipimo cha zamani, hivyo hewa inazidi na injini inapaa. Taa ya injini inaweza kuwaka na msimbo P0507, maana yake mzunguko wa injini kwenye sailensi uko juu ya unaotarajiwa.

Kompyuta inahitaji kujifunza upya. Magari mengine hujifunza yenyewe kwa kuachwa yaungurume na kuendeshwa. Mengine yana mpangilio maalumu wa ufunguo na pedali. Mengine yanahitaji mashine ya kupimia inayochomekwa kwenye kompyuta ya gari. Kabla ya hapo, hakikisha bomba la hewa limebanwa, gasketi imekaa sawa na soketi imerudishwa. Tafadhali usikimbilie kuzungusha ile skrubu ndogo inayozuia kipepeo. Imepimwa kiwandani, na ukiihamisha unaiondolea kompyuta alama yake ya kuanzia.

"Isafishwe kila sevisi." Hakuna haja. Fungua bomba, tazama kwa tochi. Kama ni safi, funga.

"Dizeli nayo ni vilevile." Si vilevile. Nguvu ya dizeli hupangwa kwa kiasi cha mafuta. Kipepeo chake, kama kipo, kina kazi nyingine, kama kusaidia kurudisha sehemu ya moshi ndani ya injini au kuzima injini bila mtikisiko.

Dawa hizi zinashika moto haraka: injini iwe imepoa, mahali pawe na upepo, na macho yawe na miwani. Ukikuta ukoko mzito umerudi baada ya wiki chache tu, usinunue kopo lingine. Kagua valvu ya kupumulia oili. Ikikwama, mvuke unaendelea kuja hapo hapo.